Mwaridi Wenye Adabu

Maua nimeyashona miaka thelathini na moja. Kwenye magauni ya maharusi, kwenye foronya, kwenye vitambaa vya meza, hata kwenye kola ya mama mmoja aliyetaka waridi shingoni, na alipolipata akalalamika kwamba linamtekenya. Nipe uzi mwekundu na wa kijani nikutolee waridi huku napiga soga na kuchungulia chungu jikoni. Lakini ua la kuota, la udongo na maji, sikuwahi kuwa nalo hata moja. Ua linataka ardhi, na ardhi yangu mimi tangu nizaliwe ni ile iliyo chini ya nyayo zangu.

Kwa hiyo tulipohamia nyumba hii ya vyumba sita, nilikipenda kitu kimoja tu. Chini ya dirisha letu la uani, kati ya bomba la maji na ukuta wa bafu, palikuwa na kipande cha udongo ambacho fundi aliyemwaga sakafu alikisahau. Urefu hatua tatu, upana hatua moja. Mume wangu akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia hapo ndipo shamba langu lilipo, na atakayepamwagia maji ya sabuni ya kufulia atanijua mimi ni nani.

Mume wangu ni kinyozi. Duka lake ni chumba cha mbele, kinachotazama barabara: kiti kimoja, kioo kimoja na benchi la wanaosubiri. Mtaa mzima humwita Kinyozi, na mimi nikiwa nimekasirika humwita hivyo hivyo. Ni mtu mpole, hana maneno mengi, ila ana ugonjwa mmoja. Hawezi kuona kitu kimezidi kingine. Pazia langu lilikuwa na vishada chini, akavisawazisha. Ufagio mpya ukifika nyumbani, kabla haujagusa sakafu ameshaupunguza ncha. Shemeji yangu alikuja kutusalimia ana masharubu, akaondoka hana. Haya yote niliyajua, na bado akili haikunituma popote. Ndiyo maana nayataja mapema, mnione mjinga tangu mwanzo.

Mche niliununua kwa muuza miche aliyeko nyuma ya soko, mzee mkali asiyekubali mtu ashike jani lake bila ruhusa. Alikuwa ameichanganya miche yake ya waridi na rangi zake hazijui tena. Akaniambia ama utatoa mekundu, ama ya njano, ama meupe, nitajionea mwenyewe. Nikaupanda. Ukashika, ukatoa majani, ukanenepa. Nikawa nikiamka naanza kwake kabla ya chai. Kazi yangu naifanyia pale pale dirishani, kwa hiyo kila nikiinua macho kutoka kwenye sindano nauona. Jumamosi tu ndiyo siku ninayotoka asubuhi, kupeleka nguo za watu na kununua nyuzi, nikarudi alasiri.

Ukapita mwaka na miezi minne. Hakuna ua.

Majani, mengi. Miiba, usiseme. Na umbo lake lilikuwa la kupendeza ajabu: duara, sawa juu, sawa pembeni, hakuna tawi linalomzidi mwenzake. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba mwaridi wangu una adabu, unaota kwa mpangilio, haujawahi kuguswa na mtu. Mume wangu akisikia hivyo anatabasamu, anaingia ndani. Nilidhani anaona fahari kwa ajili yangu.

Tarehe mosi ya kila mwezi huja mama mwenye nyumba. Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, neno lake moja halina la pili. Siku hiyo akasimama mbele ya shamba langu, akatazama tope lililofika mpaka kwenye baraza, akasema anataka uwanja wote uwe sakafu, kipande hiki kitamwagiwa saruji. Nikasema mama, hapo pana mwaridi. Wapangaji wenzangu walikuwa wametoka nje wote kusikiliza, maana sisi kwa jambo la mwingine hatukosi nafasi.

Akavaa miwani. Akautazama juu mpaka chini. "Mwanangu, mwaridi ni maua. Hiki ni kichaka."

Watu wakacheka. Mimi nilisikia uso unawaka. Kama angesema nguo zangu zinafumuka nisingeumia vile. Nikajikuta nasema utachanua, naomba muda tu. Akanipa miezi miwili. Tarehe mosi ya mwezi ule, fundi muashi atakuja na saruji yake asubuhi. Akikuta ua, hata moja, kipande ni changu na yeye mama hatakitaja tena maishani. Asipokuta, anang'oa na kumwaga. Akaondoka. Na mimi mtoto wa watu nikabaki nimesimama na kopo la maji mkononi, natamani kulia na sitaki wanione.

Vita vikaanza. Konokono niliwaokota mmoja mmoja nikawahamishia ng'ambo ya ukuta, nadhani walikuwa wanarudi kabla yangu. Vijidudu vya kijani vilivyojazana kwenye shingo za matawi nikavinyunyizia maji ya sabuni kidogo, vikafa, vikaja ndugu zao kuhani. Samadi nikaongeza, kisha nikasikia samadi ikizidi mmea unanenepa majani tu, nikaizoa. Kuku wa chumba cha tano nikamshuku, nikaenda kumsemesha mwenye kuku, tukanuniana siku nne. Kila katikati ya wiki naona vichipukizi vyekundu vyororo vinatoka juu, roho inatulia. Ikifika Jumamosi alasiri, nikirudi, havipo.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, nikaliona. Juu kabisa ya chipukizi moja, tumba dogo la kijani, si kubwa kuliko punje ya choroko. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia, nilitaka likue kidogo nimfanyie ajabu. Jumamosi nikaenda na nguo za watu njia nzima natabasamu kama mwehu. Nikarudi, sikuvua hata viatu, nikaenda uani.

Hakuna tumba. Chipukizi lote halipo, na wenzake nao hawapo. Mwaridi umekaa duara, safi, una adabu zake.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Nilitaka kwenda kumnyonga kuku wa watu, haki ya Mungu. Halafu macho yakaangukia pale lilipokatika, na mikono yangu ikajua kabla ya kichwa. Mimi nimekata vitambaa miaka thelathini na moja. Mdomo wa kuku huchana. Konokono hutafuna pembeni, huacha matundu. Pale palikatwa mara moja, mshazari, bila kusita, na aliyekata alikuwa ameshika mkasi mwepesi wenye makali mapya. Chini palikuwa pamefagiliwa. Hakuna jani hata moja. Mwizi gani huyo anayefagia?

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye mshona nguo.

Nikapita korido mpaka mbele. Alikuwa na mteja kitini, ana povu mpaka machoni, na wengine wawili benchini. Sikusalimia. Nikachukua mkasi wake mezani, nikaufungua, nikautazama kwenye msumari wa katikati. Palikuwa na utomvu wa kijani umekauka.

"Jumamosi ngapi?" nikamwuliza.

Akanitazama kwenye kioo. Hakuelewa mara moja, kisha akaelewa, na badala ya kuogopa uso ukamng'aa, masikini, kama mtu anayekaribia kushukuriwa. "Zote," akasema. "Wewe si ndiye unayesema una adabu? Adabu hiyo unadhani nani aliifundisha?"

Wale wa benchini wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, mbele yao, kwamba mwaridi hutoa ua kwenye ncha, na yeye kwa mwaka na miezi minne amekuwa akikata ncha kila Jumamosi, na jana palikuwa na tumba. Nikaurudisha mkasi mezani, nikatoka. Nasikia mteja yule alinyolewa nusu saa bila kuambiwa hata geuka kidogo.

Siku mbili hatukusemeshana. Mimi nilikuwa na hasira ya kweli, sitaki kuipunguza hapa ili nionekane mwema. Nilimwekea chakula mezani nikala dirishani. Siku ya tatu akaja akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, mikono katikati ya magoti, akasema kwamba kichwa ukikinyoa kinaota tena, hakiharibiki kitu. Alidhani na mti ni hivyo. Akasema alikuwa akiniona jinsi ninavyousifu, akawa anaingoja Jumamosi kuliko mimi. Nikamwambia mwaridi si kichwa. Akasema sasa amejua. Kisha tukakaa tu pale, na hasira ikaanza kunitoka polepole bila ruhusa yangu, kwa sababu mtu huyu alifagia. Alikuwa ananifanyia zawadi kwa siri mwaka mzima, na zawadi yenyewe ndiyo iliyonimaliza. Utamfanya nini?

Tukaenda wote wawili kwa muuza miche. Mzee akasikiliza, akamtazama mume wangu kwa muda mrefu, akauliza kama ana kazi nyingine. Halafu akahesabu. Tangu chipukizi jipya kutokeza mpaka kuchanua, alisema, wiki sita, kama jua lipo, na kama mkono wa mtu hautafika pale. Tulikuwa tumebakiwa na siku arobaini, wiki sita kasoro siku mbili. Akatuuliza mbona tumetulia, si tuwahi nyumbani.

Siku arobaini zile mume wangu aliteseka. Matawi yalipoanza kutoka, kila moja na njia yake, moja limepinda kwenye bomba, jingine limesimama peke yake kama linaomba ruhusa ya kutoka darasani, nilimwona anapita uani ameangalia ukutani. Jumamosi ya kwanza alinikabidhi mkasi wake nitoke nao, wateja wake akawanyoa kwa mashine tu. Jumamosi ya pili akaniomba kazi. Anataka kuhudumu, alisema, asikae kama mhalifu. Nikamfikiria, nikamwambia vile vijidudu vya kijani vimerudi. Akaenda dukani akarudi na ile brashi yake laini ya kupangusia nywele shingoni, akapiga magoti, akaanza kuvipangusa jani kwa jani, kwa upole ambao hata wateja wake hawaujui. Asubuhi na jioni. Vijidudu vikaisha kabisa. Mimi na sabuni yangu tulikuwa tunacheza tu.

Siku ya ishirini na nane, tumba. Moja tu, kwenye tawi refu kuliko yote, lile alilokuwa hawezi kulitazama. Sasa tulikuwa tunalitazama wawili. Likawa punje, likawa harage, likawa ncha ya kidole. Majirani nao wakaanza kupita kwa visingizio vya kuchota maji. Mwenye kuku alimfungia kuku wake chumbani kwa hiari yake, nikamwomba radhi, tukaelewana.

Tarehe mosi ikafika, na tumba lilikuwa limefumba.

Tangu alfajiri nipo pale. Limevimba, limekaza, juu kabisa limepasuka kidogo na ndani kuna ufa mwembamba wa rangi ambao sikuweza kuutaja. Kumbukeni uani kwetu jua halifiki mapema, linazuiwa na paa la jirani. Hushuka kwenye ukuta wa bafu tofali kwa tofali, na linagusa udongo wangu karibu na saa nne. Saa mbili kamili geti likalia. Fundi muashi. Mwanamume mrefu, ndevu zimejaa hadi kifuani, anasukuma mkokoteni wa mchanga na mifuko miwili ya saruji juu yake.

Akaja akatazama. Nikamwambia ndilo hilo, jua likifika litafunguka. Hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwamba yeye ni mtu wa kutumwa: ameambiwa akikuta ua aache, asipokuta amwage, na analoliona hapo kwa macho yake ni kifundo cha kijani. Ana kazi nyingine mchana. Akaanza kushusha mchanga. Nikashika koleo lake, nikaona aibu, nikaliachia.

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido na taulo begani. Akamtazama fundi kama anavyotazama ufagio mpya.

"Fundi," akasema, "mama mwenye nyumba atakuja mwenyewe leo. Na wewe utampokea na ndevu hizo?"

Fundi akajishika kidevu. Akasema hana muda. Kinyozi akamwambia dakika kumi, bure, kwa heshima ya nyumba, saruji haikimbii. Sijui ni lile neno bure au ni ile sauti yake ya dukani, laini, ambayo imewakalisha watu wengi wabishi. Fundi akaweka koleo chini akamfuata.

Mume wangu, ambaye humaliza kichwa kabla redio haijamaliza taarifa ya habari, siku hiyo alisahau kazi yake. Nilikuwa nakimbia kati ya korido na uani, nikawa naona vipande vipande. Kwanza taulo la moto. Halafu taulo jingine, maana la kwanza halikuwa la moto vya kutosha. Halafu povu, likakaa, likakauka, likapakwa upya. Akanyoa shavu la kulia, polepole, wembe mmoja safi kabisa mpaka ngozi ikang'aa. Kisha akasimama, akatazama wembe kwenye mwanga, akasema umekufa, akaanza kutafuta mwingine. Akatafuta kwenye droo. Akatafuta kwenye kabati. Fundi akauliza vipi. Akajibiwa haraka haraka haina baraka.

Uani jua lilikuwa kwenye tofali la nne kutoka chini.

Saa tatu na nusu geti likalia tena, mama mwenye nyumba. Akapita mbele ya duka, akamkuta fundi wake kitini, upande mmoja laini kama yai, upande wa pili msitu. Akasimama. Akamwuliza kwa nini saruji bado iko kwenye mifuko. Fundi akataka kuinuka, akajiona kwenye kioo, akakaa. Kuna mambo mwanaume hawezi kuyafanya na ndevu nusu, na kutembea mtaani ni la kwanza.

Mama akaja uani peke yake. Nikampa kigoda changu, nikakiweka mbele ya mwaridi. Hapakuwa na pengine pa kukiweka. Akakaa. Akasema, "Bado limefumba." Nikasema ndiyo mama. Akasema atamngoja fundi wake, basi. Akavaa miwani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, akalitazama tumba.

Jua likashuka kwenye tofali la mwisho. Likafika kwenye tawi refu.

Msidhani ua hufunguka kama mlango. Ukilitazama halisogei. Ukigeuka kupumua, limesogea. Nilisimama nyuma ya kigoda chake, wapangaji wamejaa kwenye korido. Petali ya nje ikalegea, ikainama. Ya pili ikabaki imesimama kwa muda mrefu sana, nikaanza kuomba kimoyomoyo, kisha nayo ikalegea. Na rangi ikatoka, na haikuwa nyekundu wala njano wala nyeupe. Ilikuwa rangi ya papai bivu, katikati imekoza, pembeni imefifia, na mimi miaka yote hiyo sina uzi wa rangi ile kwenye kopo langu.

Nikalia. Sikujificha.

Mama mwenye nyumba akasogeza kigoda mbele. Akainama mpaka miwani ikaning'inia kwenye kamba yake, akanusa, akafumba macho. Alipoinuka uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Akasema, "Nilikiita kichaka." Halafu akageukia korido, akapaza sauti kwamba fundi akishamalizwa, saruji yake aipeleke bafuni, sakafu ile imepasuka muda mrefu mno. Bafuni! Sakafu ambayo tuliilalamikia miaka miwili, na kila mwezi tulijibiwa tutaona. Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mwenye kuku alinikumbatia tukakanyagana.

Wembe wa pili ulipatikana saa ile ile. Ulikuwa mfukoni mwa Kinyozi.

Ua lilidumu siku tisa. Siku ya kumi likalegea, petali zikaanza kudondoka, na mume wangu akawa anazunguka uani, mikono nyuma, ananitazama, anatazama ua. Muuza miche alikuwa ameshaniambia: likinyauka lisiachwe, likatwe juu ya jani lenye vijani vitano, hapo ndipo litakapotoka jingine. Nikaingia ndani. Kwenye meza yangu kuna mkasi mmoja wa nguo ambao hakuna binadamu anayeugusa zaidi yangu. Haujawahi kukata karatasi, wala kucha, wala plasta ya mgonjwa, na mume wangu huyu niliwahi kumnunia wiki nzima kwa kuusogeza tu.

Nikatoka nao, nikamwekea mkononi.

Akautazama, akanitazama mimi. Akapiga magoti mbele ya lile tawi refu. Nikamwonyesha kwa kidole lile jani lenye vijani vitano.

"Hapo tu," nikamwambia. "Kata, mume wangu."